Kuanguka Bila Kufika Chini: Obiti Inavyofanya Kazi

Muulize mwanafunzi yeyote wa sekondari kwa nini setilaiti haianguki, na mara nyingi jibu analo tayari: huko juu hakuna mvutano. Waulize na watu wazima, hata wale wanaosoma habari za sayansi redioni, utasikia hilo hilo. Ni jibu linaloingia akilini upesi, maana wote tumeona picha za wanaanga wakielea ndani ya chombo chao, kalamu ikitoka mfukoni na kubaki hewani. Lakini si kweli hata kidogo, na mtu akianza nalo, kila kitu kingine kuhusu obiti kitampiga chenga.

Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu kinazunguka Dunia kwenye kimo cha kilomita 400 hivi. Huo ni umbali mfupi kuliko barabara ya Nairobi hadi Mombasa. Nguvu ya mvutano nayo haihesabiwi kuanzia ardhini tunaposimama. Huhesabiwa kutoka kitovu cha Dunia, ambacho kiko kilomita 6,371 chini ya miguu yetu. Kupanda 400 juu ya 6,371 ni kusogea kidogo tu. Ndiyo maana kwenye kimo cha kituo kile mvutano bado una karibu asilimia 89 ya nguvu yake ya hapa chini. Lau kungekuwa na mnara wa kufika huko, mtu wa kilo 60 akapanda na mizani yake na kusimama kileleni, mizani ingesoma kama kilo 53. Asingeelea. Angesimama kama kawaida, pengine akiogopa kuchungulia chini.

Kwa nini mwanaanga aelee basi? Kwa sababu anaanguka, na chombo alichomo kinaanguka naye, kwa kasi ile ile na kuelekea upande ule ule. Aliyewahi kukaa siti ya nyuma ya daladala ikaruka tuta bila kupunguza mwendo anajua: kwa nusu sekunde kiti kinakuacha, tumbo linapanda, begi la mapajani linakuwa jepesi. Mvutano haujazimwa. Wewe, kiti na begi mnashuka pamoja, hakuna anayemkandamiza mwenzake. Mwanaanga hukaa ndani ya nusu sekunde hiyo kwa miezi sita.

Kinachobaki kuelezwa ni kwa nini kuanguka huko hakuishi.

Mzinga juu ya Kibo

Isaac Newton alilieleza hili kwa mfano wa mzinga uliowekwa juu ya mlima mrefu sana, katika maandishi yaliyochapishwa mwaka 1728, mwaka mmoja baada ya kufa kwake. Mlima wake haukuwa na jina. Sisi tunao wa kuutumia.

Panda na mzinga hadi Kibo, kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, uelekeze mdomo wake mashariki, umelala sawasawa bila kuinuliwa wala kuinamishwa. Tuseme hakuna hewa ya kuusumbua, na kwamba Mawenzi, kilele jirani cha upande wa mashariki, imetupisha. Ukifyatua tufe kwa kasi ya kilomita 1 kwa sekunde, ambayo ni zaidi kidogo ya kasi ya risasi ya bunduki ya kivita, litaanguka kilomita thelathini na kitu mbele yako, huko mpakani na Kenya. Ongeza baruti hadi kasi ifike kilomita 6 kwa sekunde. Sasa tufe litapita juu ya Tsavo na kutumbukia baharini karibu na Malindi, zaidi ya kilomita 300 kutoka ulipo.

Hapo mwenye kalamu na karatasi atakuwa ameshtuka. Kitu kinachoachiwa kutoka kimo cha Kibo hufika usawa wa bahari baada ya sekunde 35 hivi. Zidisha 35 kwa 6, unapata 210. Hizo kilomita mia na zaidi za ziada zimetoka wapi?

Zimetoka kwenye uduara wa Dunia. Tufe linashuka, lakini ardhi iliyo chini yake nayo inainama na kulikimbia, hivyo linachukua muda mrefu zaidi kuifikia. Kwa kila kilomita 8 unazokwenda mbele kwa mstari ulionyooka kabisa, uso wa Dunia unakuwa umeinama mita 5 hivi chini ya mstari wako. Na kitu chochote kinachoanguka, iwe embe au chuma, katika sekunde yake ya kwanza hushuka kama mita 5. Weka namba hizo mbili pamoja. Tufe likienda karibu kilomita 8 kwa sekunde (7.9 ndiyo hesabu kamili zaidi), katika kila sekunde litaanguka mita 5, na katika sekunde hiyo hiyo ardhi itakuwa imeinama mita 5. Pengo kati yao halipungui. Tufe linaanguka sawasawa na sheria zote za kuanguka, na bado halifiki chini. Baada ya dakika 84 hivi lingekurudia kwa nyuma, likitokea upande wa magharibi, na ungeshauriwa kuinamisha kichwa.

Hiyo ndiyo obiti, au mzingo kama vitabu vingine vinavyoiita. Kitu kinahitaji mambo mawili tu ili kiwe katika obiti: kitu kingine kikubwa cha kukivuta, na kasi ya kutosha kwenda kando. Injini haihitajiki. Setilaiti nyingi hazina moto wowote unaowaka nyuma yake. Zilishapewa kasi siku zilipopelekwa, na huko juu hewa ni chache mno kuweza kuzipunguzia haraka. Newton aliutumia mzinga wake kuelezea Mwezi. Mwezi uko mbali na kitovu cha Dunia mara 60 kuliko sisi, kwa hiyo mvutano unaoufikia ni hafifu mara 3,600 (60 zidisha kwa 60). Gawa zile mita 4.9 za sekunde ya kwanza kwa 3,600, utapata milimita 1.4 hivi. Hicho ndicho kiasi ambacho Mwezi huanguka kuelekea kwetu kila sekunde, na kinalingana na njia yake tunayoiona angani. Embe na Mwezi vinatii amri moja. Mimi bado naona hii ni moja ya hesabu nzuri kuliko zote zilizowahi kufanywa, na inaweza kufundishwa kidato cha pili bila taabu.

Kasi, wala si kimo

Hapa ndipo habari za roketi huchanganya wengi. Gazeti likiandika kwamba chombo kimefika anga za juu, msomaji hudhani kimeshaingia katika obiti. Ni mambo mawili tofauti, na tofauti yake ni kubwa.

Aprili 12, 1961 Yuri Gagarin alizunguka Dunia mara moja. Safari yake nzima ilichukua dakika 108. Mei 5 mwaka huo huo Alan Shepard akawa Mmarekani wa kwanza kufika anga za juu. Shepard alipanda kilomita 187, kimo kinachotosha kabisa kwa obiti. Lakini baada ya dakika 15 alikuwa ameshaangukia Bahari ya Atlantiki. Roketi yake ilimpa mwendo wa kama kilomita 8,000 kwa saa, na Gagarin alikuwa na zaidi ya 27,000. Shepard alirushwa juu akarudi. Ukitazama roketi ikipaa utaona kwamba husimama wima kwa muda mfupi tu, kisha huanza kuinama. Kupanda ni kutoroka hewa nzito. Kazi kubwa, ile inayokula mafuta, ni kukimbilia kando.

Na kama kinachotakiwa ni kasi ya kwenda kando, basi kuna sehemu za Dunia ambazo huigawa bure. Mtu aliyesimama kwenye ikweta anasafirishwa na mzunguko wa Dunia kuelekea mashariki kwa mita 465 kila sekunde, bila yeye kuhisi. Kule Baikonur nchini Kazakhstan, walikoondokea wanaanga wa Kisovieti, zawadi hiyo hushuka hadi mita 320 na kitu. Waitaliano waliliona hilo mapema. Profesa Luigi Broglio na wenzake waliweka jukwaa la kurushia roketi baharini, nje kidogo ya Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, si mbali na pale tufe letu lilipozama. Liliitwa San Marco. Ikweta iko nyuzi tatu tu kutoka hapo, na upande wa mashariki ni Bahari ya Hindi tupu, ambako roketi ikiharibika haimwangukii mtu.

Desemba 12, 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru, setilaiti ya NASA ilirushwa kutoka jukwaa hilo, nayo ikapewa jina la Uhuru. Ilikuwa ya kwanza duniani kutengenezwa kwa ajili ya kuchunguza miali ya eksirei kutoka kwenye nyota, na mwanasayansi aliyeongoza utafiti wake, Riccardo Giacconi, alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2002. Jukwaa lilirusha setilaiti kwa mara ya mwisho mwaka 1988. Wakenya wengi waliosoma juu ya safari za Mwezi shuleni hawajawahi kusikia kwamba setilaiti zilipaa kutoka Kilifi.

Njia isiyo duara kamili

Kwa karne nyingi wataalamu waliamini kwamba vitu vya mbinguni lazima viende kwa duara kamili, kwa kuwa duara ni umbo lisilo na dosari. Johannes Kepler aliamini hivyo pia, mpaka sayari ya Mihiri ilipomkatalia. Alikuwa na vipimo vya Mihiri vilivyochukuliwa kwa uangalifu mkubwa na Tycho Brahe, na kila duara alilojaribu lilipishana navyo kidogo. Mwaka 1609 alichapisha jibu: njia ya sayari ni duaradufu, yaani duara lililobanwa ubavuni, na Jua haliko katikati bali limesogea upande mmoja. Sayari ikiwa karibu na Jua hukimbia, ikiwa mbali hutembea polepole.

Dunia yetu nayo iko hivyo hivyo, ingawa ubano wake ni mdogo sana. Mwanzoni mwa Januari tunakuwa kilomita milioni 147 kutoka kwenye Jua, na mwanzoni mwa Julai milioni 152. Kwa mkazi wa Dar es Salaam au Mtwara jambo hili lina mtego. Julai ni kipupwe, watu wanatafuta masweta asubuhi, na ni kweli kwamba ndio mwezi tulio mbali zaidi na Jua. Ni rahisi kuunganisha mambo hayo mawili na kuridhika. Lakini piga simu kwa ndugu aliyeko Muscat mwezi huo huo wa Julai, akuambie kama anahisi kwamba Jua limekwenda mbali. Majira hutokana na mhimili wa Dunia kulala kwa nyuzi 23 na nusu hivi, ukiielekeza kaskazini kwenye Jua mwezi Juni na kusini mwezi Desemba. Umbali unachangia kidogo tu. Kwamba kwetu umeangukia kwenye msimu wa baridi ni bahati nasibu.

Mwezi una mtego wake pia. Huizunguka Dunia kwa siku 27 na theluthi hivi, lakini kutoka mwandamo mmoja hadi mwingine ni siku 29 na nusu, na ndiyo sababu miezi ya Kiislamu ina siku 29 au 30. Siku mbili hizo zinatokana na sisi wenyewe kutotulia. Wakati Mwezi unakamilisha duru yake, Dunia imeshasogea kwenye njia yake kulizunguka Jua, hivyo Mwezi unalazimika kuendelea kwa siku mbili zaidi ndipo usimame tena upande ule ule wa Jua.

Kuna obiti nyingine ambayo watoto huchora daftarini kabla hata ya kusikia habari za Kepler: ya elektroni kuzunguka kiini cha atomu. Mchoro huo unatokana na Niels Bohr, mwaka 1913, na walimu wa kemia wanaupenda kwa sababu unahesabika. Kama picha ya hali halisi haufai. Elektroni ingezunguka kweli kama sayari, ingepoteza nishati kwa kutoa mwanga na kuzama kwenye kiini mara moja, na meza unayoegemea isingekuwepo. Kuanzia miaka ya 1920 fizikia inazungumzia maeneo ambamo elektroni ina uwezekano wa kupatikana. Tuiache hapo.

Kukanyaga breki ili uwahi

Katika obiti, kimo na kasi vimefungwa pamoja. Kadiri ulivyo mbali ndivyo unavyokwenda polepole. Kituo cha Kimataifa, kwenye kilomita 400, hukimbia kilomita 7.7 kwa sekunde na kumaliza duru kwa dakika 92 au 93. Waliomo huona Jua likichomoza kama mara 16 kwa siku moja ya kwetu. Mwezi, kwenye kilomita 384,400, hutembea kilomita 1 tu kwa sekunde.

Ufungamano huo huleta vituko. Juni 1965 James McDivitt, akiendesha chombo cha Gemini 4, alijaribu kusogelea kipande cha roketi kilichokuwa mbele yake. Akafanya ambalo rubani yeyote wa ndege angefanya: akaelekeza pua kwenye shabaha na kuwasha injini. Kipande kikazidi kumwacha. Kuongeza kasi kulikuwa kumempandisha kwenye obiti ya juu zaidi, na obiti ya juu ni ya polepole. Ili kumfikia aliye mbele yako inabidi upunguze mwendo. Utashuka, na ukiwa chini utakuwa na kasi kubwa na njia fupi, utampita kwa chini, kisha upande tena kumkuta. Wanaanga waliokuja baada ya McDivitt walifundishwa hesabu hizo kwanza, na mwisho wa mwaka huo huo vyombo viwili vya Gemini vilikutana bila shida.

Dishi linalotazama utosini

Kwa kuwa kasi hupungua kadiri unavyopanda, lazima kuwe na kimo ambacho setilaiti humaliza duru moja kwa muda ule ule ambao Dunia humaliza mzunguko wake. Kimo hicho ni kilomita 35,786. Ukiiweka setilaiti hapo, juu ya ikweta, ikielekea mashariki, kwetu sisi itaonekana imeganda sehemu moja ya anga, usiku na mchana. Inakimbia kilomita 3 kwa sekunde, lakini nasi tunazunguka nayo sambamba. Arthur C. Clarke aliliandikia makala jambo hili mwaka 1945, kabla ya kuwepo setilaiti yoyote, akionyesha kwamba tatu zingetosha kufikisha mawasiliano karibu dunia nzima. Mwaka 1964 setilaiti ya Syncom 3 ilifika huko na kurusha picha za Michezo ya Olimpiki kutoka Tokyo.

Ndiyo maana dishi lililofungwa bati la nyumba yako halina mota ya kulizungusha. Fundi huja mara moja, hulitafutia uelekeo, hukaza nati na kuondoka. Tungekuwa tunapokea matangazo kutoka kwenye setilaiti inayopita kwa dakika chache, angelazimika kuishi juu ya paa. Na kwa kuwa sisi tuko karibu na ikweta, setilaiti hizo ziko juu ya vichwa vyetu. Setilaiti ya DStv iliyoko nyuzi 36 mashariki iko karibu kabisa utosini mwa Nairobi, ingawa umbo la dishi hudanganya jicho na kulifanya lionekane linatazama chini kuliko linavyotazama kweli. Azam hutumia setilaiti iliyoko nyuzi 7 mashariki, ambayo kwa mtu wa Dar es Salaam iko magharibi, juu ya Ghuba ya Guinea, kwa hiyo dishi lake huinamia upande wa Jua linakotua. London madishi hutazama chini kabisa, nyuzi 25 hivi juu ya upeo wa macho, na jengo la jirani linaweza kukukosesha mpira.

Jambo jingine ambalo mafundi wanalijua vizuri: karibu na siku za mlingano wa usiku na mchana, mwezi Machi na Septemba, picha huweza kukatika kwa dakika chache saa ile ile kwa siku kadhaa mfululizo. King'amuzi hakijaharibika. Jua, likipita juu ya ikweta, linakuwa limekaa nyuma ya setilaiti kabisa, na kelele zake za redio zinaifunika.

Obiti ya namna hii ni moja tu. Mtu hawezi kusema nafasi zimejaa, nichoreeni nyingine; ni pete moja juu ya ikweta, kwenye kimo kimoja. Jambo hilo lilizaa mgogoro ambao Afrika Mashariki ilikuwa ndani yake. Desemba 1976 nchi za ikweta, zikiwemo Kenya, Uganda, Kongo na Zaire pamoja na Kolombia, Ekwado na Indonesia, zilikutana Bogotá na kutangaza kwamba sehemu za pete hiyo zilizo juu ya ardhi zao ni maliasili zao. Hoja yao ilikuwa kwamba setilaiti hizo zinakaa pale kwa sababu ya mvutano wa Dunia, hivyo pete ni sehemu ya Dunia. Mataifa yenye roketi yalijibu kwa Mkataba wa Anga za Juu wa 1967, unaokataza nchi yoyote kujimilikisha anga hiyo, na tamko halikukubaliwa. Kifizikia hoja ya Bogotá ilikuwa dhaifu, maana Mwezi nao unashikiliwa na mvutano huo huo. Kisiasa naona walikuwa na haki ya kulalamika: nafasi zilikuwa zinagawiwa kwa mtindo wa anayewahi, na wao hawakuwa na roketi ya kuwahia. Leo Shirika la Kimataifa la Mawasiliano husimamia nafasi na masafa, na kila nchi imetengewa kiasi chake, iwe ina setilaiti au haina.

Umbali wa pete hiyo una gharama. Mawimbi ya redio huchukua karibu robo sekunde kupanda na kushuka, na katika maongezi ya simu robo hizo zikijumlishwa watu huanza kukatizana. Starlink, huduma ya intaneti iliyoanza Rwanda na Kenya mwaka 2023, ilichagua njia nyingine: setilaiti nyingi zinazozunguka kwenye kilomita 550 hivi, ambako ucheleweshaji hausikiki. Bei yake ni kwamba kila moja inapita juu yako kwa dakika chache tu, hivyo zinahitajika maelfu ili wakati wote isikosekane walau moja juu yako. Katikati, kwenye kilomita 20,200, ziko setilaiti za GPS zinazomwelekeza bodaboda nyumbani kwako. Zile huzunguka Dunia mara mbili kwa siku.

Taifa-1 ya Kenya, iliyorushwa kutoka California Aprili 2023, ilipelekwa kwenye obiti ya namna nyingine tena. Setilaiti ya namna hiyo hupita kutoka ncha moja ya Dunia hadi nyingine huku Dunia ikigeuka chini yake, na njia yake imepangwa ili kila ipitapo juu ya mahali, saa ya mahali hapo iwe ile ile kwa kipimo cha Jua. Anayelinganisha picha za mashamba za Mei na za Juni anataka vivuli vifanane, la sivyo hatajua kama kilichobadilika ni mahindi au ni saa.

Zinaposhuka

Nilisema hewa ya huko juu ni chache. Sikusema haipo. Kwenye kilomita 400 bado kuna chembe za kutosha kukishusha Kituo cha Kimataifa kama kilomita 2 kila mwezi, na kila baada ya muda injini huwashwa kukipandisha. Kisicho na injini hushuka hadi kiungue. Ndivyo ilivyokuwa kwa setilaiti ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi, mchemraba wa sentimita 10 kila upande, ulioachiwa kutoka kituo hicho Mei 2018. Vya aina hiyo hudumu mwaka mmoja au miwili hivi. Uhuru yenyewe ilirudi na kuungua mwaka 1979. Jua likichafuka, tabaka za juu za hewa huvimba na breki hukaza: Februari 2022 dhoruba ya namna hiyo iliangusha setilaiti zipatazo 40 za Starlink, siku chache tu baada ya kurushwa. Kwenye ile pete ya kilomita 35,786 hakuna breki ya kutegemea. Setilaiti iliyozeeka huko husukumwa juu zaidi, kilomita 300 hivi, na kuachwa izunguke humo kwa muda ambao hatuna haja ya kuuhesabu.

Vitu vikubwa haviungui vyote. Desemba 30, 2024 pete ya chuma yenye upana wa mita 2.5 na uzito wa kilo 500 hivi iliangukia kijiji cha Mukuku, kaunti ya Makueni. Shirika la Anga za Juu la Kenya lilieleza kwamba kwa uchunguzi wa awali ilikuwa pete ya kutenganishia sehemu za roketi. Hakuna aliyeumia. Wanakijiji waliuliza swali la maana kuliko yote: nani atalipa? Sheria ipo. Mkataba wa 1972 unasema nchi iliyorusha chombo inawajibika kwa madhara kitakayoleta ardhini, bila mwathirika kulazimika kuthibitisha uzembe. Anachotakiwa kujua ni chombo ni cha nani, na dai lake hupelekwa na serikali yake. Mwaka 1978 setilaiti ya Kisovieti iliyoitwa Kosmos 954, iliyokuwa na kinu cha nyuklia, ilisambaratika juu ya kaskazini mwa Kanada na kumwaga vipande vyenye mionzi. Kanada ilidai dola zake milioni 6 kwa kazi ya kuvikusanya. Mwaka 1981 Umoja wa Kisovieti ulikubali kulipa 3.